Wasiwasi au Ugonjwa wa Neva? Kuzitenganisha Dalili kwa Mtu Anayetumia Dawa za Sonona

Mwalimu wa shule ya sekondari, mwenye umri wa miaka 34, ameandikiwa na daktari vidonge vya fluoksetini, miligramu 20 kila asubuhi, kwa sababu ya sonona iliyomwandama kwa miezi mingi. Siku ya tisa anagundua kwamba chaki inamtetemeka mkononi anapoandika ubaoni. Siku ya kumi na mbili, katikati ya kikao cha walimu, moyo unamwenda mbio, midomo na ncha za vidole vyamchoma kama sindano, na chumba chaonekana kuyumba. Usiku, alalapo, nyayo zake zawaka moto. Jirani yake alipata kiharusi mwaka uliopita. Mwalimu anajiuliza: je, ni wasiwasi, ni dawa, au ubongo wake umeanza kuharibika?

Mwalimu huyu ametungwa kwa ajili ya somo hili, lakini mashaka yake ni ya kweli, nayo watu huyajibu vibaya kwa njia mbili. Wapo wanaojiaminisha kwamba wamepatwa na ugonjwa wa ubongo, wakatupa vidonge siku hiyo hiyo na baadaye kurudiwa na sonona. Wapo pia wanaoambiwa na kila mtu, pengine hata na mhudumu wa afya mwenye haraka, kwamba "ni mawazo tu", kumbe neva zao zaendelea kuharibika kimya kimya. Kosa la pili ndilo baya zaidi, kwa kuwa neva iliyokwisha kufa haifufuki kwa maneno ya kutuliza moyo.

Daktari hodari haanzi kwa kuuliza kama dalili ni ya kweli au ya kujitakia. Kila dalili aisikiayo mgonjwa ni ya kweli. Yeye huuliza kila dalili peke yake: imekaa wapi mwilini, ilianza lini, huenda na kurudi au hukua polepole, na je, ina alama ambayo mtu hawezi kuifanya kwa hiari? Mwalimu wetu ana dalili tatu, na hakuna sheria ya maumbile isemayo kwamba ni lazima zote zitokane na chanzo kimoja.

PUMZI NA KEMIA YA DAMU

Lililomfika mwalimu katika kikao laweza kuelezwa kwa kemia ya darasani. Mtu mwenye hofu hupumua haraka na kwa kina kuliko mwili unavyohitaji, mara nyingi bila kujitambua. Oksijeni haiongezeki sana katika damu yake, maana himoglobini ya mtu mwenye mapafu mazima tayari imekaribia kujaa. Kinachobadilika ni kabonidayoksaidi, ambayo hutolewa nje kwa wingi. Kwa kawaida kanieneo yake katika damu ya ateri ni kiasi cha milimita 40 za zebaki. Ikishuka, asidi ya kaboni katika damu hupungua, na pH ya damu, ambayo kwa kawaida ni kati ya 7.35 na 7.45, hupanda.

Hapo mambo mawili hufuata. La kwanza ni kwamba mishipa ya damu ya ubongo husinyaa: kwa kila milimita moja ya zebaki inayopungua, damu iendayo ubongoni hupungua kwa kiasi cha asilimia 3. Ndiyo sababu chumba huonekana kuyumba na macho kuingiwa na ukungu. La pili ni kwamba ayoni za hidrojeni hubanduka kutoka kwenye protini ya damu iitwayo albumini, na nafasi zao huchukuliwa na ayoni za kalisiamu. Jumla ya kalisiamu katika damu haikupungua, bali ile iliyo huru ndiyo iliyopungua. Na neva zikikosa kalisiamu huru husisimka zenyewe pasipo kuguswa. Matokeo yake ni kuchomachoma kwa midomo na vidole, na hali ikizidi mikono hukakamaa, kidole gumba kikiinamia kiganjani.

Sasa na itazamwe ramani ya neva. Midomo huhudumiwa na neva itokayo moja kwa moja kwenye ubongo, na vidole vya mikono huhudumiwa na neva zitokazo kwenye ugwe wa mgongo, sehemu ya shingo. Hakuna neva moja iendayo kwenye midomo na vidole vya mikono yote miwili. Basi kitu kinachozichokoza sehemu hizo zote kwa wakati mmoja, upande wa kulia na wa kushoto sawasawa, ni lazima kitafutwe mahali zinapokutana zote, yaani katika damu. Lakini kama ganzi ingeshika nusu ya mdomo na mkono wa upande huo huo peke yake, hoja ingegeuka kabisa. Upande mmoja wa mwili mzima una makao yake katika ubongo, na mgonjwa wa namna hiyo hapaswi kungoja hata kesho.

Muda nao hutoa ushahidi. Shambulio la hofu kwa kawaida hufikia kilele chake katika muda wa dakika 10 hivi, kisha hupoa taratibu. Upo ugonjwa unaoiga jambo hili kwa namna ya ajabu, nao ni kifafa kinachoanzia katika tundu la ubongo lililo upande wa sikio. Mgonjwa hupatwa na hofu ya ghafla isiyo na sababu, lakini hofu hiyo hudumu sekunde kadhaa au dakika moja au mbili tu, huja kwa namna ile ile kila mara, pengine ikitanguliwa na harufu isiyokuwapo, na walio karibu humwona ametumbua macho akitafuna hewa, asijibu aulizwapo. Katika sehemu za Afrika Mashariki ambako nguruwe hufugwa kwa kuachwa wazurure, viluwiluwi vya tegu la nguruwe vilivyojichimbia ubongoni ni chanzo kimoja kikubwa cha kifafa kinachoanzia ukubwani. Kwa hiyo shahidi aliyeliona shambulio kwa macho yake ana thamani kubwa kwa daktari, pengine kuliko mgonjwa mwenyewe.

Walimu waangalie jambo moja hapa. Zamani ilishauriwa kwamba mtu anayepumua kwa hofu apewe mfuko wa karatasi apumulie humo. Ushauri huo haufuatwi tena ovyo, kwa kuwa mtu anayedhaniwa kuwa na hofu aweza kuwa na pumu au ugonjwa wa moyo, naye akinyimwa oksijeni atadhurika. Wala wanafunzi wasifanye jaribio la kupumua kwa nguvu ili kujionea.

CHAKI INAYOTETEMEKA

Kila mkono wa binadamu hutetemeka. Mwanafunzi anyooshe mkono mbele, aweke karatasi nyepesi juu ya vidole, na aitazame pembe yake; kisha apande na kushuka ngazi mara kadhaa na arudie. Mtetemeko huo wa asili una mapigo kati ya 8 na 12 kwa sekunde. Adrenalini, ambayo mwanafiziolojia Walter Cannon wa Marekani aliieleza katika kitabu chake cha mwaka 1915 kuwa homoni ya kuuandaa mwili kwa mapambano au kukimbia, huukuza mtetemeko huo hata ukaonekana kwa macho. Kahawa na mirungi hufanya vivyo hivyo. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi pia hufanya hivyo, na daktari akikutana na mtu anayetetemeka, anayekonda ilhali anakula vizuri, na asiyestahimili joto, huipima tezi hiyo kabla ya kutaja wasiwasi.

Fluoksetini nayo huweza kuleta mtetemeko wa namna hii. Huwa wa haraka, hushika mikono yote miwili, na huonekana mkono ukiwa umenyooshwa au ukiwa kazini, kama vile kushika chaki. Ugonjwa alioueleza daktari James Parkinson wa London mwaka 1817 una tabia tofauti. Mtetemeko wake ni wa polepole zaidi, mapigo 4 hadi 6 kwa sekunde. Huanzia upande mmoja. Na huonekana mkono ukiwa umepumzika mapajani, kisha hupungua mkono unapoinuliwa kushika kitu. Mgonjwa pia huwa mzito katika mwendo, na maandishi yake huwa madogo kadiri mstari unavyoendelea. Chaki ya mwalimu yatetemeka anapoandika, hutulia anapoiweka, na herufi zake ni kubwa kama zamani.

Kuchezacheza kwa ukope au kwa misuli ya ndama ya mguu huwatisha watu wengi, hasa wale waliosoma habari za maradhi yanayoua neva za misuli. Misuli ya mtu mchovu, mwenye wasiwasi au asiyelala vizuri huchezacheza pasipo madhara. Jambo la kutafuta ni udhaifu unaopimika: mtu ashindwe kusimama kwa visigino, ashindwe kufunga kifungo, msuli wake uonekane umepungua kwa kulinganisha na wa upande wa pili.

DAWA YENYEWE

Historia ya dawa za sonona ina uhusiano wa karibu na kifua kikuu, na uhusiano huo utamhusu mwalimu wetu baadaye. Mwaka 1952, katika hospitali ya Sea View mjini New York, wagonjwa wa kifua kikuu walijaribiwa kwa dawa mbili za ukoo mmoja, isoniazidi na iproniazidi. Waliotumia iproniazidi walionekana kuchangamka kuliko ilivyotarajiwa. Mwaka 1957 Nathan Kline na wenzake walieleza matumizi yake katika kutibu sonona, na mwaka huo huo Roland Kuhn wa Uswisi alitoa habari za imipramini. Iproniazidi iliachwa baadaye kwa sababu ya kudhuru ini. Fluoksetini iliidhinishwa nchini Marekani mwezi Desemba 1987.

Fluoksetini huzuia serotonini isirudishwe upesi ndani ya neva iliyoitoa, hivyo kemikali hiyo hukaa muda mrefu zaidi katika sinapsi. Haifai kuwaambia wanafunzi kwamba sonona ni upungufu wa serotonini na kwamba kidonge huujaza. Maelezo hayo mepesi hayajathibitishwa, ingawa dawa huwasaidia wagonjwa wengi. Lililo hakika ni kwamba kiasi cha asilimia 90 ya serotonini ya mwili iko matumboni, na ndiyo maana kichefuchefu na kuharisha ni miongoni mwa dalili za mwanzo.

Katika wiki moja au mbili za kwanza wagonjwa wengine huhisi wasiwasi zaidi kuliko kabla ya tiba, hukosa usingizi, na hushindwa kutulia kitini. Nafuu ya sonona kwa kawaida huchelewa mpaka wiki ya pili, ya nne au hata baada ya hapo. Mgonjwa asiyeambiwa jambo hili hupata madhara kwanza na faida baadaye, na haishangazi kwamba hukata tamaa kati ya hayo mawili. Kwa vijana jambo hili ni zito. Tangu mwaka 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali liandikwe kwamba dawa hizi zaweza kuongeza mawazo ya kujiua kwa watoto na vijana, na mwaka 2007 onyo hilo lilipanuliwa hadi umri wa miaka 24. Mwanafunzi aliyeanza dawa hizi, akionekana kuhangaika kupita kawaida au akitamka maneno ya kujidhuru, asiachwe peke yake, na daktari wake apewe habari siku hiyo hiyo.

Kuziacha dawa ghafla nako kuna dalili zake: kizunguzungu, jasho, ndoto kali, na mshtuko mfupi kama wa umeme kichwani, hasa macho yanapogeuka upande. Mshtuko huo hufanana sana na jambo la ubongo, lakini siri yake iko katika kalenda. Dawa yenye nusumaisha fupi, kama paroksetini ambayo nusu yake huondoka katika muda wa siku moja hivi, huuleta upesi. Fluoksetini, ambayo pamoja na zao lake hukaa mwilini kwa siku nyingi, huuleta kwa nadra. Amitriptilini, ambayo ni ya kizazi cha zamani na yatumika sana katika hospitali zetu, ina tabia nyingine: kinywa kikavu, macho kushindwa kusoma maandishi ya karibu, choo kigumu, na kizunguzungu mtu asimamapo ghafla.

Hata hivyo si kila kitu kitokacho kwenye dawa ni chepesi. Kwa wazee, na hasa wanaotumia pia dawa za kuongeza mkojo, fluoksetini na jamaa zake zaweza kushusha sodiamu ya damu chini ya kiwango cha kawaida cha milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Maumivu ya kichwa na kuchanganyikiwa hufuata, na hatimaye degedege. Vilevile dawa ya sonona ikichanganywa na tramadoli, au na linezolidi itumikayo kutibu kifua kikuu sugu, serotonini yaweza kuzidi mno. Mgonjwa hutoka jasho, hupata homa, hutetemeka, huharisha na kuhangaika, na wayo wake ukisukumwa juu ghafla mguu hurukaruka wenyewe. Hali hii hutokea aghalabu katika saa 24 baada ya dawa kuongezwa au kuchanganywa, na mahali pake ni hospitalini.

ALAMA ZISIZOFUATA HIARI

Mwaka 1875 Wilhelm Erb na Carl Westphal, kila mmoja kwa kazi yake, walieleza ruko la goti ligongwapo chini ya kifupa chake. Mwaka 1896 Joseph Babinski, huko Paris, alieleza jambo dogo lililokuja kuwa maarufu kuliko vitabu vizima. Ukingo wa nje wa wayo wa mtu mzima mwenye afya ukikwaruzwa kuanzia kisigino kwenda mbele, kidole gumba huinama. Kama njia iletayo amri kutoka kwenye ubongo kupitia ugwe wa mgongo imeharibika, kidole hicho hunyanyuka juu. Babinski alikuwa akitafuta hasa alama ya kuwatenganisha wagonjwa wa neva na wale ambao kupooza kwao hakukutokana na neva kuharibika, na hofu pekee haikinyanyui kidole hicho. Wagonjwa wa konzo, ugonjwa wa kupooza miguu uletwao na muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, uliowahi kuzuka Tarime katika miaka ya 1980, huwa na alama hiyo.

Mwaka 1908 Charles Hoover wa Marekani alipata njia ya upande wa pili. Mtu alalaye chali akiinua mguu mmoja, kisigino cha mguu mwingine hukandamiza kitanda bila yeye kutaka. Mguu usioweza kukandamiza kwa amri, lakini unaokandamiza wenyewe mwenzake ainuliwapo, una njia zake za neva nzima. Hivyo wasiwasi na shida za namna yake hazitambuliwi kwa kukosa jibu lingine tu; nazo zina alama zake.

Kabla ya kuzitaja lakini, ni lazima mwili upimwe. Mwezi Januari 1962 wasichana wa shule ya bweni ya Kashasha, karibu na Bukoba, walianza kushikwa na vicheko na vilio visivyozuilika. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa walifika 95, na shule ikafungwa mwezi Machi. Madaktari Rankin na Philip, walioandika habari hizo mwaka 1963, hawakuanza kwa kusema kwamba ni hofu. Walichunguza kwanza kama kulikuwa na sumu au maambukizo, na walipokosa ndipo walipoandika hitimisho lao.

NYAYO ZA MWALIMU

Daktari aliposikiliza habari za kikao na za chaki hakushtuka. Alipofika kwenye nyayo aliweka kalamu chini akauliza: moto huo ulianza lini? Mwalimu alihesabu, akakumbuka kwamba ulianza kama wiki tatu kabla ya kidonge cha kwanza cha fluoksetini. Haukuwa ukija na kuondoka kama hofu. Ulianza kwenye vidole vya miguu yote miwili, ukapanda polepole hadi kwenye nyayo, na ulikuwapo hata siku ambazo moyo wake ulikuwa mtulivu.

Neva ndefu kuliko zote mwilini hutoka sehemu ya chini ya mgongo hadi vidole vya miguu, kiasi cha mita 1. Kitu kinachodhoofisha neva zote kwa jumla, iwe kisukari, virusi vya UKIMWI, pombe au upungufu wa vitamini B12, huziangusha kwanza zile ndefu, kwani ncha zake ziko mbali na seli inayozilisha. Ganzi huvaliwa kama soksi, kisha baadaye kama glavu. Midomo haiguswi. Daktari alichukua uma wa kutoa sauti, unaofanana na ule wa maabara ya fizikia, akaugonga na kuuweka juu ya kidole gumba cha mguu: mwalimu hakuhisi mtikisiko. Juu ya goti aliuhisi vizuri. Ruko la kifundo cha mguu lilikuwa limefifia, wala kidole gumba hakikunyanyuka. Ubongo na ugwe wa mgongo havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa katika ncha za neva.

Swali la mwisho lilileta jibu. Kaka yake mwalimu, anayeishi naye, alikuwa amepona kifua kikuu, na mwalimu mwenyewe alikuwa katika mwezi wa nne wa kutumia isoniazidi ya kinga. Isoniazidi hujishikamanisha na vitamini B6 na kuitoa kwa mkojo, na watu ambao ini lao huivunja dawa hiyo polepole, jambo linalorithiwa, huathirika zaidi. Kwa sababu hiyo hupewa pamoja na vitamini B6, miligramu 10 hadi 25 kwa siku. Vidonge vya vitamini vilimwishia mwalimu mwezi wa kwanza. Akadhani ni vya kuongeza hamu ya kula, hakwenda kuchukua vingine.

Laiti dalili zote tatu zingetiwa katika kapu la wasiwasi, angeendelea na isoniazidi bila vitamini kwa muda wote uliosalia. Laiti zote zingelaumiwa kwa fluoksetini, angeiacha dawa ya sonona, na nyayo zingeendelea kuungua vile vile. Daktari alipima sukari ya damu na virusi vya UKIMWI ili asiache mlango wazi, akaongeza kiwango cha vitamini B6 kwa muda aliouweka mwenyewe, kwa kuwa vitamini hiyo nayo ikizidi mno huharibu neva, na akaamuru fluoksetini iendelee. Alimpa pia daftari la kuandika kila dalili pamoja na saa yake na kidonge kilichotangulia.

Katika wiki ya saba chaki ilikuwa imetulia, na mashambulio ya hofu yalikuwa yamebaki mawili katika daftari zima. Nyayo zilichelewa. Neva iliyokatika ncha hukua kwa kiasi cha milimita 1 kwa siku katika hali njema, tena si neva zote hurudi. Baada ya miezi mitatu uma ulipogongwa tena, mwalimu aliuhisi kwenye kifundo cha mguu. Kwenye kidole gumba bado.